Chanzo cha Kifo, kwa Mujibu wa Nani?

Kama unasoma magazeti yetu, sentensi hii unaijua: Kamanda wa Polisi wa Mkoa amesema chanzo cha tukio hilo ni ugumu wa maisha. Siku nyingine ni wivu wa mapenzi. Siku nyingine ni msongo wa mawazo. Yote yakikosekana, basi "uchunguzi unaendelea", habari inafungwa, ukurasa unakwenda mtamboni. Nimekaa chumba cha habari zaidi ya miaka kumi na sentensi hiyo imepita mezani kwangu mara nyingi kiasi kwamba wino wake siuoni tena.

Aliyenifanya niitazame upya si mhariri wala wakili. Ni Mfaransa aliyefariki mwaka 1917, Émile Durkheim, kwa kitabu chake Le Suicide cha mwaka 1897, yaani kitabu kuhusu kujiua. Chuoni tulimsoma kwa madesa: kurasa chache za fotokopi, aina nne za kujiua, unakariri, unajibu mtihani, unamsahau. Kitabu kizima nilikuja kukisoma baadaye, nikiwa tayari kazini, na kumbe madesa yalikuwa yameacha sehemu tamu kuliko zote. Yaliacha ugomvi. Nadharia za sosholojia ukifundishwa kama orodha zinachosha, hilo tukubaliane. Ukizifuata kama mabishano ya zaidi ya miaka mia juu ya swali moja, zinasomeka kama riwaya yenye wahusika wanaochukiana. Na mabishano haya, kila nilivyoyafuata, yalizidi kusogea karibu na meza yangu.

Mafaili 26,000

Durkheim alizaliwa mwaka 1858 huko Épinal, mashariki mwa Ufaransa, mtoto wa rabi. Mwaka 1886 alimpoteza Victor Hommay, rafiki yake mkubwa wa chuo, na baadhi ya walioandika maisha yake wanaona kivuli cha kifo hicho nyuma ya kitabu. Kitabu chenyewe hakina machozi. Kina majedwali.

Swali lake lilikuwa rahisi kulisema na gumu kulijibu. Kama kujiua ni siri ya mtu mmoja, jambo la ndani kabisa, kwa nini basi kiwango chake katika kila nchi kinakaribia kuwa kilekile mwaka hadi mwaka, na tofauti kati ya nchi na nchi hazibadiliki haraka? Waliokufa mwaka huu hawakuonana na waliokufa mwaka jana wakapangiana idadi. Kwa hiyo, alisema, kuna kitu nje ya mtu mmoja mmoja. Kitu hicho ni jamii.

Ili kulithibitisha alihitaji takwimu, na takwimu zilikuwa kwenye ofisi ya Wizara ya Sheria iliyoongozwa na Gabriel Tarde, mtu ambaye walipingana naye karibu katika kila kitu. Tarde aliamini kwamba maisha ya jamii yanaendeshwa na kuigana. Kitabu chake juu ya sheria za kuiga kilitoka mwaka 1890. Hata hivyo mafaili aliyatoa. Mpwa wake Durkheim, kijana Marcel Mauss, ambaye naye baadaye angekuwa jina kubwa, akakaa akapanga kesi zipatazo 26,000 kwa umri, jinsia, ndoa, wenye watoto na wasio nao. Hebu fikiria kazi hiyo bila kompyuta.

Kilichotoka humo ndicho tulichokikariri. Kamba mbili zinamshika mtu kwenye jamii. Ya kwanza ni kamba ya kuwa pamoja na wenzako: ikilegea mno, mtu anabaki peke yake, ikikaza mno, mtu anajiona si kitu mbele ya kundi. Ya pili ni kamba ya kanuni, ile inayokuambia kipi cha kutamani na kipi kinatosha: ikikatika ghafla, kwa mfano uchumi unapoanguka au hata unapopaa, mtu anapoteza kipimo, na hiyo Durkheim aliiita anomia. Ikikaza mno je? Hapo tutarudi, maana hapo ndipo penye jambo letu.

Lakini kabla ya kamba, kuna sura ambayo kila mwandishi wa habari za matukio angepaswa kuisoma. Durkheim aliitazama ile safu ya "sababu" iliyojazwa na maofisa: umaskini, matatizo ya familia, mapenzi, ulevi. Akaona kitu cha ajabu. Nchini Ufaransa, kati ya 1856 na 1878, kujiua kuliongezeka kwa asilimia 40 hivi, lakini mgawanyo wa sababu ulibaki karibu vilevile. Akalinganisha wakulima na watu wa taaluma, watu wenye maisha tofauti kabisa, na bado sababu zilizoandikwa zilikaribiana. Kama sababu hizo zingekuwa ndizo hasa zinazoua, zisingepanda zote kwa pamoja kana kwamba zimekubaliana. Akahitimisha kwamba safu ile haipimi sababu za vifo. Inapima maoni ya maofisa kuhusu sababu za vifo, tena ofisa aliyefika kwa haraka, akauliza majirani wawili watatu, akaandika.

Nilipoifikia sura hiyo nilifunga kitabu nikacheka, kicheko kile cha mtu aliyeonyeshwa picha yake mwenyewe. Ugumu wa maisha. Wivu wa mapenzi. Mwaka 1897 mtu alishatuambia kwamba hiyo ni sauti ya karani.

Wanafunzi wanapomgeuka mwalimu

Sosholojia ina tabia moja ninayoipenda: mwalimu akishamaliza kukosoa wengine, wanafunzi wanachukua kisu kilekile wanamgeukia yeye.

Durkheim aliona kwamba Waprotestanti walijiua zaidi kuliko Wakatoliki, akaeleza kwamba Ukatoliki unawafunga watu pamoja kwa nguvu zaidi, ilhali Uprotestanti unamwachia mtu atafakari mwenyewe. Maelezo mazuri. Mwaka 1930 Maurice Halbwachs, mfuasi wa ukoo wake wa kielimu, alirudi kwenye swali hilohilo akauliza: una hakika gani kwamba ni dini? Wakatoliki wengi wa kule Prussia walikuwa wakulima wa vijijini. Ukilinganisha dini, bila kujua unalinganisha pia mji na kijiji, kazi na kazi, mtindo mzima wa maisha. Halbwachs hakumtupa mwalimu. Alimwambia tu kwamba jamii haigawanyiki vipande kama chungwa. Mtu huyu alikufa mwaka 1945 katika kambi ya Wanazi ya Buchenwald.

Mwaka 1950 Mmarekani W. S. Robinson aliongeza msumari. Alionyesha kwamba jambo lililo kweli kwa maeneo si lazima liwe kweli kwa watu wanaoishi humo. Mkoa wenye Waprotestanti wengi ukiwa na vifo vingi, bado hujui waliokufa walikuwa nani.

Na sisi huku? Kwenye kitabu cha Durkheim watu wa nje ya Ulaya wanaonekana kwa mbali, katika sura ya wale wanaojitoa kwa ajili ya kundi, na habari zao zimetoka kwenye vitabu vya zamani na vya wasafiri. Baadaye ikazoeleka dhana nyingine, kwamba Mwafrika hajiui kabisa, kwa kuwa ana ukoo, ana ngoma, hana mawazo. Mwaka 1960 Paul Bohannan alihariri kitabu kuhusu mauaji na kujiua barani Afrika, kikiwa na tafiti za Wasoga, Wagisu, Wanyoro, Waalur, Waluhya na Wajaluo, pamoja na Wativ wa Nigeria. Karibu kitabu kizima ni Uganda na Kenya. Dhana ile haikutoka salama humo. Watu walikuwa wanakufa hivyo, kwa sababu zao, wenye ukoo na ngoma zao. Lakini angalia na hili: sehemu kubwa ya ushahidi ilitoka kwenye kumbukumbu za mahakama na maofisa wa kikoloni. Karani tena.

Turudi kwenye ile kamba ya nne, kanuni zinazokaza mno. Durkheim aliiweka kwenye tanbihi, chini ya ukurasa, mistari michache, akisema haina umuhimu mkubwa kwa wakati wake. Mifano aliyotoa ni waume waliooa wakiwa wadogo mno, wanawake walioolewa wasio na watoto, na watumwa. Nikisoma hilo nikiwa mtu wa nchi ambayo jirani yake, soko la watumwa la Unguja, lilifungwa mwaka 1873, miaka 24 tu kabla ya kitabu hicho, siwezi kupita kimya. Watu ambao maisha yao yamebanwa na mtu mwingine ndio waliopewa tanbihi. Wapembuzi wengi wamelisema hili baada yake, hasa kuhusu wanawake: Durkheim aliona kwamba ndoa inawalinda wanaume zaidi kuliko wanawake, ushahidi ulikuwa mbele yake kwenye majedwali yake mwenyewe, halafu akaueleza kwa kudai kwamba mwanamke hana maisha ya kijamii kama mwanaume.

Aliyeichukua tanbihi ile akaifanya kitabu, bila shaka pasipo kuitafuta, ni Euphrase Kezilahabi. Rosa Mistika ilitoka mwaka 1971 na kwa muda ilizuiwa shuleni. Kumbuka Rosa anaanzia wapi: kwa baba, Zakaria, anayempiga kwa ajili ya barua ya mvulana, kamba imekaza hadi inakata ngozi. Kisha anakwenda masomoni na kamba inaachiwa yote kwa mara moja. Walimu wetu wa fasihi walitufundisha kwamba Rosa "aliharibika". Msome ukiwa na Durkheim kichwani utaona kitu kingine: binti anatolewa kwenye kanuni nyingi mno na kutupwa kwenye kutokuwa na kanuni, na hakuna aliyewahi kumfundisha kuishi katikati. Durkheim aliziweka hali hizo mbili mbalimbali, moja kwenye sura nzima na nyingine kwenye tanbihi. Kezilahabi alionyesha kwamba zinaweza kuwa ncha mbili za maisha ya mtu mmoja.

Presha

Pigo kubwa zaidi lilikuja mwaka 1967, na hili ndilo lililonigusa nyumbani. Jack Douglas, Mmarekani, alichukua kile kile Durkheim alichowafanyia makarani kuhusu sababu, akakifanya kwa idadi yenyewe. Kama huamini karani anapoandika kwa nini mtu amekufa, aliuliza, kwa nini unamwamini anapoandika kwamba amejiua? Hicho nacho ni kitu kinachoamuliwa na watu: daktari, polisi, ndugu, padri. Na familia zinazoshikamana sana, zenye heshima ya kulinda na dini ya kuogopa, zina nguvu zaidi ya kulifanya faili liseme kitu kingine. Kwa hiyo huenda kiwango cha chini cha Wakatoliki hakionyeshi kwamba mshikamano unazuia kifo. Huenda kinaonyesha kwamba mshikamano unaficha kifo.

Nikiwa mwaka wa pili chuoni, baba yangu mdogo alifariki kijijini kwetu, kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Namna ilivyokuwa haihitajiki hapa. Usiku ule, kabla watu hawajajaa, wakubwa walikaa jikoni kwa bibi.

"Tutasema ni presha," alisema Baba mkubwa.

Shangazi akauliza, "Na padri?"

"Padri naye ataambiwa presha." Kisha akanigeukia. "Na wewe msomi wetu, ukiulizwa huko Dar?"

"Presha, Baba."

Akatikisa kichwa, kikao kikaisha. Baba mdogo alizikwa kihambani, kwa ibada kamili na kwaya, mamia ya watu, na hakuna aliyemnyooshea kidole mjane wala watoto. Kanisa lenyewe lilishaondoa katazo la kuwazika waliojiua katika sheria yake ya mwaka 1983, lakini hofu ya kijijini haisomi sheria. Na serikali nayo: Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 217, inalifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Kenya walikuwa na kifungu kama hicho, cha 226, hadi Mahakama Kuu ilipotamka Januari 2025 kwamba kinapingana na Katiba. Katika nchi ambayo aliyenusurika anaweza kupelekwa polisi, unategemea familia iseme nini?

Sasa chukua kifo hicho hicho kitokee kwenye chumba cha kupanga Dar es Salaam, mtu anaishi peke yake. Mwenye nyumba anamwita mjumbe, mjumbe anaita polisi, polisi wanaandika, na jioni mimi napokea taarifa. Kwenye takwimu, kijiji kinaonekana kimemlinda mtu wake na mji umemuua. Nadharia ya Durkheim imethibitishwa, na kilichoithibitisha ni kikao cha jikoni kwa bibi.

Sisemi kikao kile kilikosea. Kilimpa mjane nafasi ya kulia kama wajane wengine. Lakini neno likishaandikwa linaendelea kufanya kazi. Mwaka juzi binti wa Baba mdogo, sasa ni mtu mzima, alinipigia simu kutoka kliniki. Tangu akiwa sekondari amekuwa akipima presha kila anapopata nafasi, kwa sababu fomu inauliza magonjwa ya familia na yeye anaijaza kwa uaminifu. Siku hiyo hakuwa na presha. Alikuwa halali usingizi kwa wiki tatu na daktari alimwuliza kama nyumbani kuna mtu aliwahi kuwa hivyo.

"Kaka, Baba alikuwa analala?" aliniuliza.

Nilimwambia hilo ampe nafasi mama yake amjibu, kisha nikampigia Mama mdogo nikamweleza swali lilivyo. Waliongea, wao wawili. Walichozungumza ni chao. Ninachojua ni kwamba binti sasa anatibiwa kitu anachoumwa kweli.

Tarde anarudi

Kuna kurasa za Le Suicide ambazo Durkheim anamalizana na Tarde. Kuiga, anasema, kunaweza kusababisha vifo vichache vya hapa na pale, lakini hakuwezi kubadilisha kiwango cha jamii. Kesi imefungwa, tena kwa mafaili ya Tarde mwenyewe.

Mwaka 1974 David Phillips aliifungua. Alichukua habari za kujiua zilizotoka ukurasa wa mbele wa New York Times kati ya 1947 na 1968, akaangalia takwimu za vifo vya Marekani baada ya kila habari. Zilipanda. Kadiri habari ilivyopewa nafasi kubwa, ndivyo zilivyopanda zaidi. Baada ya kifo cha Marilyn Monroe mwaka 1962, ongezeko katika mwezi uliofuata lilikuwa asilimia 12 hivi. Phillips aliliita jambo hili kwa jina la Werther, kijana wa riwaya ya Goethe ya mwaka 1774, kitabu kilichopigwa marufuku Leipzig kwa hofu kwamba vijana walikuwa wakimfuata mhusika wake. Tarde alikuwa amefariki miaka 70 kabla, mwaka 1904. Ndiyo maana nasema sosholojia ina wahusika: aliyeshindwa kwenye sura moja anaibuka nusu mshindi sura kumi baadaye. Leo mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa waandishi wa habari, usieleze njia iliyotumika, usiipe habari nafasi kubwa, usitoe sababu moja nyepesi, unatokana na mstari huo wa utafiti.

Ona basi mabishano yalipofikia. Durkheim alimkosoa karani anayejaza sababu. Douglas aliwakosoa wote wanaoamua idadi. Phillips alimfikia anayeichapa. Kila mkosoaji alisogeza swali hatua moja karibu na mwandishi, hadi mwandishi akawa ndani ya takwimu zenyewe. Hii ndiyo faida ya nadharia ambayo madesa hayakunipa. Inamfaa mtu anayeandika kwa sababu inamnyima mahali pa kusimama nje ya jambo.

Je, Durkheim amebaki na kitu? Mimi naona amebaki na kingi. Baada ya makombora yote hayo, swali lake halijapatiwa mbadala: kwa nini mahali fulani, wakati fulani, watu wengi zaidi wanaachia kamba? Ukiniambia kila kifo ni "msongo wa mawazo" wa mtu mmoja, umefunga mjadala kabla ya kuuliza kuhusu bei, ajira, mikopo, ndoa, vita. Alikosea majibu kadhaa kwa sababu aliamini mafaili kuliko alivyostahili kuyaamini, ilhali yeye mwenyewe ndiye aliyetufundisha kutoyaamini.

Asichoweza ni kumsikia mtu. Kwa hilo nenda tena kwa Kezilahabi, safari hii Kichwamaji ya mwaka 1974, inayosimuliwa na Kazimoto mwenyewe, msomi wa chuo kikuu asiyepata pa kutua kijijini wala mjini. Durkheim angempata Kazimoto kwenye jedwali mara moja: kijana, msomi, kamba zote mbili zimelegea. Lakini soma jinsi anavyoongea na wazazi wake, jinsi anavyodharau na kutamani kitu kilekile kwa wakati mmoja, halafu jaribu kujaza ile safu ya "chanzo" kwa neno moja. Mimi nimejaribu, na huwa naishia kuiacha wazi.

Mezani kwangu mabadiliko ni madogo. Taarifa ikija na sababu, naandika nani kaisema na kaijuaje, au naiondoa. Kijana aliyekuja kwenye mafunzo ya kazi mwezi uliopita aliniuliza kwa nini nimefuta "ugumu wa maisha" kwenye habari yake wakati Kamanda kasema. Nikamwambia avute kiti. Tulianza na yale mafaili 26,000.